Urefu wa Kamba

Kila nyumba ya Unguja na Pemba ina mbuzi, hata ile ambayo haijafuga mnyama tangu ijengwe. Ni kile kigoda cha kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi wa miguu minne ni habari nyingine. Yeye hapatikani kila nyumba, wala hapendi kila upande wa kisiwa.

Magharibi ya Unguja udongo ni mzito, na mwenye uwezo huko hufuga ng'ombe. Ukivuka kwenda mashariki na kusini, tangu Chwaka hadi Makunduchi na Mtende, unakanyaga jiwe la matumbawe lenye vifuko vidogo vya udongo. Pemba nayo ina jiwe hilo upande wa Micheweni. Watu hupanda muhogo, mtama na kunde mumo humo mawemawe. Ng'ombe hukonda pahala kama hapo, ila mbuzi hunawiri, kwani hajali sana nyasi. Anachotaka ni machipukizi ya vichaka, na yakiwa juu husimama kwa miguu ya nyuma mithili ya mtu anayechuma embe.

Sasa, Mmasai nyasi zikimwishia huhama. Mtu wa Jambiani akihama hatua chache anaingia baharini. Konde la jirani liko hapo hapo, na muhogo wa jirani hauna ukuta isipokuwa yale mawe yaliyopangwa zamani kuzuia nguruwe mwitu, ambayo mbuzi huyaruka bila hata kurudi nyuma kujipima. Ndiyo maana ufugaji wa visiwani ni ufugaji wa kamba. Asubuhi mbuzi hutolewa bandani, hupelekwa penye majani, na kigingi hugongwa katika ufa wa jiwe. Adhuhuri mtu huenda kumsogeza na kumtazama asije akajizongea mtini. Jioni hurudishwa. Msemo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake siku hizi hutajwa pale mtumishi anapoiba ofisini, lakini kijijini maneno hayo ni hesabu ya kila siku: pima kamba, kisha pima umbali wa konde la mwenzio.

Kamba yenyewe ilikuwa ya makumbi. Akina mama hufukia makumbi ya nazi ufukweni, huyawekea mawe juu yasichukuliwe na maji, na huyaacha humo miezi kadhaa. Yakifukuliwa hunuka hasa, nanyi mnaopita barabarani mtaziba pua. Hupondwa kwa kigogo hadi nyuzi ziachane, huanikwa, kisha husokotwa kwa viganja. Leo wengi hununua kamba ya plastiki dukani. Haiozi, kweli, lakini humkata mnyama shingo, na sioni tumefaidi nini.

Kamba ikikatika, adabu ndiyo hushika nafasi yake. Mwenye konde hampigi mbuzi wala hamfungii kwake kwa siri. Humshika, humfunga kivulini, kisha hupiga hodi: "Bibi, yule wako mwenye baka kakata kamba, yupo kwangu." Maneno ni hayo tu, muhogo hautajwi. Bibi naye hujua la kufanya: huenda mwenyewe, hulitazama konde, huomba radhi, na siku ya pili hupeleka chochote. Wanaofikishana kwa sheha mara nyingi ni wale waliokwisha kugombana kwa jambo jingine.

Nimesema bibi kwa makusudi. Mbuzi wawili watatu wa uani mara nyingi ni wa mwanamke, na ndio benki yake: ada ya shule, dawa, safari ya mjini. Asiye na mbuzi huweza kumfugia mwenye nao, na mzao hugawanywa kwa mapatano ya mdomo. Maziwa hakamui mtu, hayo ni ya kibuzi. Samadi huenda kwenye tungule.

Kuchinja hakuji ovyo. Kuna akika, siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana. Kuna Idd kubwa, ambayo mnyama wake hachukuliwi akiwa chongo, kiguru, mgonjwa wala aliyekonda mno, na wazee humfunua midomo kuhesabu meno kabla ya kutaja bei. Kuna pia waganga, ambao hutaka mbuzi wa rangi maalumu, na mweusi asiye na hata unywele mweupe mwenyewe humpa bei anayotaka. Masheikh hawalipendi hili, lakini wanunuzi hawajakosekana.

Kondoo? Ni wachache mno visiwani. Yeye hula kichwa chini, nyasi fupi zenye umande, na minyoo humwingia kwa njia hiyo hiyo. Masika yakikaza, kwato huoza. Mbuzi naye huugua akilalia maji, ndiyo maana wanaojua huinua sakafu ya banda kwa fito alale pakavu. Tena kondoo halalamiki. Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, ila mfugaji humtaka mgonjwa anayelia mapema.

Adui mwingine wa mifugo alikuwa mbung'o, na huyu aliisumbua Unguja, Pemba hakuwako. Kati ya 1994 na 1997 ndege zilimwaga madume mamilioni waliokwisha kuhasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, mpaka kizazi kikakatika. Unguja ikatangazwa huru mwaka 1997.

Kinachobana leo ni ardhi. Pale mbuzi walipokuwa wakifungwa, nyuma ya fukwe za mashariki, sasa pana kuta za hoteli na mabango ya viwanja, na majani hukatwa mbali yakaletwa kwa baiskeli. Mbuzi wengi wa Idd huletwa kwa vyombo kutoka Bara.

Basi ukienda kumtafuta wako wa Idd hii, nenda mapema, mfunue midomo, mtembeze uone miguu yake. Na kabla hujatoa pesa, uliza kama kamba imo katika bei.