Siki ya kachumbari yaokoa gari la Safari

NILIPOFIKA Nyamache likizo ya Agosti, mpwa wangu wa kidato cha pili alinipokea akiwa amenuna. Mezani palikuwa na kigari cha plastiki, mfano wa Datsun 240Z lililompa Edgar Herrmann ushindi wa East African Safari mwaka 1971. Aliletewa vipande na ami yake kutoka ng'ambo, akaviunganisha na kuvipaka rangi kwa wiki mbili.

"Mjomba, nimeirarua namba ya mlango wa kushoto," akasema. "Imebaki ya kulia tu."

Picha hizo si kama stika za matatu. Huchapwa juu ya utando mwembamba mno, ulioshikiliwa kwenye karatasi na gundi inayoyeyuka majini. Ukiuvuta, unakatika. Maelezo yalitaka dawa maalumu za kuulainisha na kuushikisha, ambazo hatukuzipata Nyamache wala mjini Kisii.

Basi tukaingia jikoni kwa dada yangu.

Tulianza kwa majaribio. Tulikata jina moja lisilohitajika, tukalibandika kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia. Kijana asiye na subira hapo ndipo hujifunza bila hasara.

Rangi ya kigari ilikuwa imefifia. Picha ikibandikwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini yake na kuacha ukungu mweupe. Dada akaleta polishi ya sakafu ya mkebe. Nikakataa: hiyo ni nta, haishikiki. Polishi inayosifiwa na mafundi wa ng'ambo ni ya majimaji, angavu, yenye akriliki. Sisi tulitumia vanishi angavu iliyobaki kwa seremala jirani, baada ya kuijaribu chini ya kigari. Rangi ya kucha pia tuliiweka mbali, kwani huweza kuyeyusha plastiki.

Vanishi ilipokauka, tulikifuta kigari kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya vidole. Namba ikalowekwa katika sahani ya maji vuguvugu kwa nusu dakika, ikatolewa, ikaachwa mpaka ikateleza yenyewe. Mlangoni tulitangulia kupaka maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, ili picha isogezwe bila kukwama.

Halafu ikaja siki nyeupe, ile ya kachumbari, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Siki hulainisha utando ukalala vizuri kwenye mikunjo. Tuliipaka kwa brashi laini, kisha tukakausha kwa kijiti cha pamba cha masikio, tukigandamiza kutoka katikati kwenda pembeni. Kiputo kilichobaki tulikitoboa kwa sindano na kukidondoshea siki. Pembe iliyokataa kushika ilipata gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji.

Baridi ya huku kwenye majani chai haiharakishwi. Tulikiacha kigari usiku kucha chini ya bakuli, vumbi lisikiguse.

Asubuhi namba ya kulia ilionekana kana kwamba imepakwa kiwandani. Ya kushoto kijana aliichora mwenyewe kwa rangi na kijiti cha meno. Imepinda kidogo. Lakini wageni wakija, hiyo ndiyo anayowaonyesha kwanza.

Dada naye anadai siki yake.