Walimu tusiwalaumu watoto kwa "alisema atakuja"



Nami natoa maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua sana walimu na wanafunzi wa shule za msingi, hasa sisi tulioko vijijini. Jambo lenyewe ni namna Kiingereza kinavyoeleza maneno yaliyosemwa na mtu mwingine, yaani kauli ya taarifa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha wilayani Tarime, na sasa nafundisha Serengeti. Watoto wetu huja shuleni na lugha ya nyumbani, iwe Kikurya, Kingoreme, Kinata au Kiluo. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Wakifika madarasa ya juu, mwalimu huwaandikia orodha ubaoni: "will" igeuzwe "would", "can" iwe "could", "I" iwe "he" au "she", na "tomorrow" iwe "the next day". Watoto hukariri. Siku ya mtihani mtoto huandika "he said me he will come", naye mwalimu hupitisha wino mwekundu, na pengine maneno makali juu yake.

Maoni yangu ni kwamba mtoto huyo si mjinga. Anafuata kanuni za lugha anayoijua, na kanuni hizo ni sahihi kabisa huko zilikotoka.

Tuanze na wakati. Chacha akisema, "Nitakuja kesho", sisi husimulia, "Chacha alisema atakuja". Nafsi tumeibadili, lakini wakati tumeuacha kama alivyousema mwenyewe. Mswahili anaposimulia husimama pale aliposimama Chacha. Mwingereza hubaki alipo leo na kutazama nyuma, hivyo maneno yote huvutwa nyuma pamoja na lile la "alisema". Hiyo ndiyo sababu ya "would". Na hata yeye, kama siku ya Chacha kuja bado haijafika, huweza kusema "he said he will come" na asikosolewe na mtu.

La kushangaza ni kwamba hata katika vipindi vya Kiswahili tumezoea kufundisha kuwa -ta- igeuzwe -nge-, tupate "alisema kwamba angekuja". Lakini mtu akikuambia sokoni, "Chacha alisema angekuja", wewe humngojea amalizie, "lakini mvua ilimzuia". Tumekivika Kiswahili koti la Kiingereza, kisha tunashangaa mtoto akichanganyikiwa katika lugha zote mbili.

Orodha ile ina hatari nyingine. Mtoto aliyekariri kwamba "could" ni "aliweza" akisoma "he said he could help", huelewa kwamba msaada ulikwisha kutolewa. Kumbe maana yake ni "alisema anaweza kusaidia".

Jambo la pili ni mume na mke. Kiambishi a- chetu hakibagui, na lugha zetu za nyumbani nazo ni hivyo hivyo. "Bhoke alimwambia Chacha kwamba atafaulu." Nani atafaulu? Kwetu sentensi hiyo ina maana mbili. Mwingereza hana budi kuchagua: "she" ikiwa ni Bhoke, "he" ikiwa ni Chacha. Hapo Kiingereza kinatusaidia kuwa wazi, nasi tukiri hivyo. Lakini tukiweka Chacha na Marwa, wote wanaume, Mwingereza naye hukwama kama sisi.

Tatu ni amri. "Daktari alisema ninywe dawa" haina shida kwetu, kwani ile -e ya mwisho imebeba agizo lote. Kiingereza hakina -e hiyo, hivyo hutafuta neno la kusaidia kama "should", au husema "told me to". Mtoto akiandika "the doctor said I drink", Mwingereza ataelewa kwamba daktari amemtangaza mtoto kuwa mlevi!

Hata hivyo, ipo mahali Kiswahili ni mwalimu bora kuliko orodha yoyote. Sisi tunatofautisha "sema" na "ambia". Hatusemi "alinisema" tukiwa na maana ya "aliniambia", maana kusemwa ni kusengenywa au kukaripiwa. Basi mtoto aambiwe hivi: penye "ambia" tumia "tell", penye "sema" tumia "say". Kosa la "he said me" litapungua sana bila kiboko.

Wasomaji wengine watauliza, yote haya yana faida gani kwa mkulima na mfugaji? Ninajibu kwamba yana faida kubwa. Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na mtoto wetu akiingia Kidato cha Kwanza hukuta Biolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Asiyejua nani alisema nini, kwa nani, na lini, hawezi kuelewa hata maelezo ya jaribio moja.

Tena tukumbuke mahakama. Kwa miaka mingi, katika ngazi za juu ya Mahakama ya Mwanzo, shahidi alieleza kwa Kiswahili na maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Katika kesi ya shamba au ng'ombe, "alisema atalipa" ilipaswa kuwa ya mwanamume au ya mwanamke, na "ata-" itafutiwe mwenzake. Tarehe 1 Februari, 2021, mjini Dodoma, Hayati Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara, ulioko huku kwetu Tarime. Alimpandisha kuwa Jaji wa Rufani. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza bado huruhusiwa pale haki inapohitaji.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. Walimu wenzangu, kabla ya kuandika orodha ubaoni, tuwaulize watoto kwa Kiswahili: nani amesema, amemwambia nani, anamtaja nani, na siku hiyo imepita au bado? Wakijibu, ndipo tuwape maneno ya Kiingereza. Pili, naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania, katika vitabu vya Kiingereza vya shule za msingi, iweke sentensi za Kiswahili na za Kiingereza bega kwa bega, ili mtoto aone tofauti kwa macho yake.

Kiingereza tukifundishe, tena vizuri. Lakini mtoto asiaibishwe kwa kuwa anajua lugha yake.

Mwalimu wa Kijijini,
Wilaya ya Serengeti,
Mara.