Mbuzi waliowafundisha wazamiaji kwenda polepole

Inyonga haina ziwa. Ina misitu ya miombo, mizinga ya nyuki na barabara inayotoka Tabora kwenda Mpanda. Ukiipita Mpanda ukashuka hadi Karema au Ikola, ndipo unapolikuta Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470 na samaki wengi wadogo wa rangi wasiopatikana kwingine duniani. Mwenye kutaka kuwatazama kwa kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni hana budi kuacha haraka ufukweni.

Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Ukiongeza mwendo maradufu, yanakupinga mara nne. Misuli hudai oksijeni, pumzi zikaenda mbio na mtungi ukaisha mapema. Isitoshe, kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo huongezeka kwa kiasi kinachokaribia ule wa hewa tunayoishi ndani yake. Kwenye mita 20, pumzi moja inachota mtungini hewa ya karibu pumzi tatu za juu. Anayeogelea kwa utulivu hukaa chini muda mrefu, na samaki hawamkimbii.

Hatari kubwa iko kwenye kupanda. Chini majini, nitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, huyeyuka ndani ya damu, mafuta na maungio. Ukipanda taratibu, hurudi kwenye mapafu ikatoka. Ukipanda kwa pupa, hufanya mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa ghafla. Hapo huja maumivu ya maungio, ganzi, hata kupooza.

Mfaransa Paul Bert alieleza chanzo hicho mwaka 1878. Kinga ya madhara hayo ilitafutwa kwa mbuzi. John Scott Haldane na wenzake, huko Uingereza, waliwafungia mbuzi ndani ya chumba cha chuma chenye hewa iliyoshindiliwa, kisha wakaipunguza kwa namna mbalimbali. Mbuzi aliyepata madhara aliinua mguu mmoja kwa maumivu. Ilibainika kuwa kupunguza mgandamizo kwa hatua, kwa kusimama njiani, ni salama zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1908, na kanuni za leo zimejengwa juu ya msingi huo: usipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, simama kwenye mita 5 kwa dakika 3. Kando ya hizo, usizuie pumzi unapopanda, kwa sababu hewa iliyofungiwa kifuani hutanuka na inaweza kupasua mapafu.

Kwa mtu wa Inyonga kuna jambo la ziada. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa tayari ni nyepesi, kwa hiyo majedwali ya wazamiaji wa baharini lazima yarekebishwe. Halafu barabara ya kurudi nyumbani inapanda. Nitrojeni iliyobaki mwilini haijui kama unapanda majini, kwa basi au kwa ndege. Wanaosafiri kwa ndege hushauriwa kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na 18 baada ya kuzamia mara kadhaa.

Basi jifunze kwa mwalimu mwenye cheti, waulize wenyeji kuhusu mamba na viboko, na ukishazamia, lala kando ya ziwa. Basi la Mpanda lipo na kesho.