Mzigo Ufike Salama: Utunzaji wa Kiendeshi Kinachounganisha Mashine ya Maabara na Kompyuta

Huko Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, lipo tembe la kumbukumbu ambalo wageni huenda kulizuru. Hapo ndipo David Livingstone, ambaye alikuwa tabibu kabla ya kuwa msafiri, alipokaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi na mahitaji kutoka pwani. Henry Morton Stanley alimwacha mwezi Machi. Livingstone hakuondoka hadi mwishoni mwa Agosti. Miezi mitano na zaidi ilipita katika kungoja.

Kungoja huko hakukuwa kwa mara ya kwanza. Januari 1867 kasha lake la dawa lilipotea njiani, baada ya wapagazi waliolibeba kutoroka. Mwaka 1871 alipofika Ujiji akiwa mgonjwa na amedhoofika, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Dawa zilikuwapo duniani, na bidhaa zilikwisha kununuliwa. Kilichokatika ni kiungo cha katikati, yaani mtu na njia ya kuufikisha mzigo kwa mwenye kuuhitaji.

Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa misafara baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, waliijua kweli hiyo kuliko wote. Njia hiyo, ambayo ilibeba pia pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, haikuwa kitu kilichofunguliwa mara moja kikabaki wazi. Ilihitaji kirangozi wa kuongoza, hongo kwa watawala wa kila nchi, visima vinavyojulikana na amani ya kudumu. Mwaka 1871 vita baina ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Pwani na ziwa vilibaki palepale. Kilichobadilika ni hali ya njia.

Leo mzigo mwingine husafiri katika hospitali za ukanda huohuo, na si rahisi kuuona kwa macho. Nao ni jibu la kipimo cha mgonjwa.

Safari ya mita mbili

Tuchukue mfano wa maabara yoyote ya hospitali ya wilaya. Mashine ya kuhesabu chembe za damu imekaa mezani, na kando yake ipo kompyuta yenye programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Baina yao kuna kebo isiyozidi mita mbili. Mashine nyingi za maabara bado zina tundu la zamani lenye sindano 9, la mtindo uliosanifiwa tangu miaka ya 1960. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu hilo. Zina USB tu. Hivyo katikati ya kebo huwekwa kigeuzi kidogo, chenye kijisahani cha elektroniki ndani yake, ambacho hupokea mawimbi ya mtindo wa kale na kuyageuza yaeleweke upande wa USB.

Kiungo hicho kikifanya kazi, jibu hutoka kwenye mashine likaingia katika jalada la mgonjwa bila mkono wa mtu. Kisipofanya kazi, mtaalamu wa maabara hutazama skrini, akaandika kwenye daftari, na mwingine akanakili kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta. Kila hatua ya kunakili ni mlango wa kosa. Mama mjamzito mwenye hemoglobini ya gramu 12.4 kwa desilita hana upungufu wa damu. Namba ileile ikigeuzwa katika kunakili ikawa 4.2, huyo ni mgonjwa mwenye upungufu mkubwa, kwa kuwa chini ya 7 huhesabiwa kuwa hatari, na daktari ataanza kufikiria kumwongezea damu. Kosa likienda upande wa pili, mama anayehitaji damu atarudishwa nyumbani. Mashine ilipima sawasawa katika hali zote mbili, lakini mzigo haukufika salama.

Kiini na kiendeshi

Ndani ya kila kompyuta mna mfumo endeshi, na ndani ya mfumo huo mna sehemu ya msingi iitwayo kiini. Kiini ndicho chenye mamlaka juu ya kumbukumbu, kichakato na matundu yote. Hakuna programu ya maabara inayoigusa kebo moja kwa moja. Huomba kwa kiini. Nacho kiini hakijui lugha ya kila kifaa kilichotengenezwa duniani, kwa hiyo hutumia programu ndogo iitwayo kiendeshi. Kila aina ya kifaa ina kiendeshi chake, nacho ni mkalimani na mpagazi kwa pamoja: huelewa desturi za kifaa hicho, hupokea herufi zinazotoka upande wake na kuzikabidhi upande wa pili kwa mpangilio uleule.

Kebo inapochomekwa, kigeuzi hujitambulisha kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kiini hupekua orodha ya viendeshi vyake. Namba zikipatikana, kiendeshi husika huitwa kazini. Zisipopatikana, kifaa hukaa kimya hata kama ni kizima.

Baada ya hapo mazungumzo huanza. Mashine nyingi hufuata utaratibu uliosanifiwa na shirika la viwango la ASTM la Marekani, ambao haumpi shida msomaji wa Kiswahili. Mashine hupiga hodi kwa herufi moja maalumu. Programu ya maabara hujibu karibu kwa herufi nyingine. Ikiwa ina shughuli, husema isubiriwe. Kisha majibu huletwa kwa mafungu, kila fungu likiwa na namba yake na jumla ya kukagulia. Anayepokea hupiga hesabu yake. Jumla zikilingana hukubali, zisipolingana hukataa na fungu hutumwa upya. Likikataliwa mara sita, safari huvunjwa. Mashine ikipiga hodi na isipoitikiwa kwa sekunde 15, huacha.

Hapo ndipo ubora wa kiendeshi unapoonekana. Kikidondosha herufi, jumla hazilingani. Kikichelewa kupita kiasi, mashine hudhani hakuna mtu nyumbani. Na ziko mashine ambazo hazipigi hodi wala hazingoji kuitikiwa. Humwaga majibu tu, yakipotea yamepotea.

Kwa nini kiendeshi kihitaji mtunzaji

Wengi hudhani kwamba programu ikishaandikwa imekwisha. Mhudumu wa afya hapaswi kushangaa akiambiwa sivyo. Shinikizo la damu haliponi kwa sababu mgonjwa alimeza dawa mwezi uliopita. Linadhibitiwa siku kwa siku. Mnyororo baridi wa chanjo hauhesabiwi kuwa mzima kwa sababu jokofu lilinunuliwa jipya. Huhesabiwa kuwa mzima kwa sababu joto lake lilisomwa asubuhi na jioni. Kiendeshi nacho ni cha namna hiyo. Hakiozi, lakini vinavyokizunguka hubadilika: kiini hupangwa upya, vijisahani vipya huingia sokoni na vya zamani huacha kutengenezwa.

Mfano ulio wazi ulitokea mwaka 2014. Kampuni ya FTDI ya Glasgow, ambayo vijisahani vyake hutumika sana katika vigeuzi vya USB, ilikuwa inasumbuliwa na bidhaa bandia zilizojitambulisha kwa namba zake. Ilitoa kiendeshi kipya cha Windows kilichosambazwa kwa njia ya kawaida ya masasisho. Kiendeshi hicho kilipokutana na kijisahani bandia, kilibadilisha namba yake ya bidhaa kuwa sifuri. Kuanzia hapo kebo ile haikutambuliwa tena, hata ikihamishiwa kompyuta nyingine. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliondoa toleo hilo. Mwaka 2016 lilitoka jingine ambalo halikuua kebo, bali liliingiza maneno ya Kiingereza ya kutangaza kwamba kifaa si halisi, mahali ilipopaswa kupita data.

Kampuni ilikuwa na haki ya kulinda mali yake. Lakini mnunuzi wa mwisho, ambaye mara nyingi hakujua kwamba kebo yake ni bandia, ndiye aliyebaki na kompyuta isiyoona kifaa. Katika maabara, maneno yasiyotarajiwa katikati ya majibu ya wagonjwa si mzaha.

Watunzaji wa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, walichukua njia nyingine. Kabla mwaka 2014 haujaisha, waliongeza namba ya sifuri katika orodha ya kiendeshi chao, ili kebo zilizonyamazishwa zitambuliwe tena. Badiliko lenyewe ni mistari michache tu, lakini kuna mtu aliyeliandika, mwingine aliyelipitia, na mwingine aliyelikubali. Kiini cha Linux kina orodha ya wazi inayotaja kila sehemu na mwenye dhamana yake. Kwa miaka mingi, jina lililo mbele ya viendeshi vya vigeuzi vya aina hii ni la Johan Hovold. Kazi yake na ya wenzake ni kusoma marekebisho yanayotumwa, kukataa yasiyo salama, kuongeza namba za vifaa vipya na kuhakikisha kwamba kilichofanya kazi jana hakivunjiki leo. Kanuni kuu ya jumuiya hiyo ni kwamba badiliko la ndani lisiharibu kazi ya mtumiaji wa nje.

Hata hivyo muda wa utunzaji una kikomo. Toleo jipya la kiini cha Linux hutoka takriban kila wiki tisa au kumi. Baadhi ya matoleo huteuliwa kutunzwa kwa muda mrefu, na muda huo uliwahi kufikia miaka sita. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba utapunguzwa hadi miwili, kwa kuwa kazi ni kubwa na watunzaji ni wachache. Microsoft nayo iliacha kuitunza Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Mashine ya maabara yaweza kudumu miaka kumi na zaidi. Maana yake ni kwamba mashine iliyo nzima itaishi kuliko mfumo endeshi uliokuja nayo, na daraja baina yao litahitaji kutazamwa zaidi ya mara moja.

Yaliyo mikononi mwa kituo

Hakuna kituo cha Nzega, Sikonge au Urambo kinachotarajiwa kuandika kiendeshi. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo uongozi, mtaalamu wa maabara, mhandisi wa vifaa tiba na afisa TEHAMA wanaweza kuyafanya.

Kwanza, wakati wa kununua mashine, muuzaji aulizwe: itaunganishwa kwa kebo gani, kiendeshi chake kinatunzwa na nani, na hadi lini? Jibu liandikwe katika mkataba.

Pili, kebo zinunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, na ya akiba iwepo. Kebo ya bei ya kutupa ikinyamaza siku ya kliniki, gharama yake huonekana katika foleni.

Tatu, kila kebo ibandikwe jina la mashine yake. Kompyuta ya Linux huzipa kebo namba kwa kadiri inavyozitambua. Zikichomolewa na kurudishwa kwa mpangilio mwingine, namba zaweza kubadilishana. Afisa TEHAMA anaweza kuipa kila kebo jina la kudumu.

Nne, mfumo endeshi usisasishwe asubuhi ya siku yenye wagonjwa wengi, wala usiachwe bila kusasishwa milele. Baada ya kila sasisho ipimwe sampuli ya udhibiti, na namba iliyo kwenye skrini ya mashine ilinganishwe na iliyoingia kwenye kompyuta, tarakimu kwa tarakimu.

Tano, kiungo kikikatika, iandikwe tarehe, saa, toleo la mfumo na lililobadilishwa kabla ya hapo. Fundi asiye na historia ya tatizo ni kama tabibu asiye na historia ya mgonjwa.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anapopokea majibu, ana haki ya kuhakikisha kwamba jina, tarehe na kipimo ni vyake. Daktari anapoona namba isiyolingana na hali ya mtu aliye mbele yake, kurudia kipimo si aibu kwa maabara, na mgonjwa asikichukulie kuwa usumbufu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na mizigo ikahama kutoka mabegani mwa watu kwenda kwenye mabehewa. Lakini reli nayo ilihitaji watu wa kutembea juu yake wakikaza misumari na kufyeka majani. Majina yao hayakuandikwa kwenye vituo, na kazi yao ilionekana siku ile tu ambayo haikufanyika. Waliobeba kasha la dawa, waliokaza reli na wanaotunza kiendeshi hukutana katika jambo moja: mgonjwa hawajui wao, naye huwategemea.