Zawadi za Sikukuu kwa Mgonjwa wa Kifua Kikuu na kwa Rafiki Anayemsimamia Dawa

Wiki za mwisho za Desemba, Ipogolo hubadilika sura. Eneo hili la Manispaa ya Iringa limekaa bondeni, inapopita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, na inapoanzia barabara ya kupanda mlima kuelekea mjini. Mabasi huteremsha watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya, na kila anayeshuka ana mzigo: sukari, mchele, mafuta ya kupikia, kitenge cha mama, viatu vya watoto. Wengi huuliza kwa simu kabla ya safari, "Nikuletee nini?", na nyumba nyingi hujibu kwa orodha.

Miongoni mwa wanaoulizwa swali hilo wamo watu wanaotumia dawa za kifua kikuu. Jibu lao mara nyingi huwa, "Njoo tu, usijisumbue." Ni jibu la adabu, lakini humwacha mleta zawadi akibahatisha, naye huishia kuleta kreti ya soda, au dumu la pombe la kumpongeza mgonjwa kwamba amepona. Hapo ndipo matatizo ya Januari yanapoanzia.

Ili kuelewa ni kwa nini, mfikirie mama muuza vitunguu pembezoni mwa barabara kuu aliyegunduliwa kuwa na kifua kikuu mwanzoni mwa Oktoba. Matibabu ya kifua kikuu kisicho sugu kwa kawaida huchukua miezi 6. Katika miezi 2 ya mwanzo mgonjwa hupewa dawa nne kwa pamoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na katika miezi 4 inayofuata hubaki na mbili, rifampisini na isoniazidi. Mwisho wa mwezi wa pili makohozi hupimwa tena. Kwa mama huyu kipimo hicho kinaangukia mwanzoni mwa Desemba. Kikohozi kimetulia, homa za jioni zimekoma, jasho la usiku halipo tena, na hamu ya kula imerudi. Hata vidonge vyenyewe vimebadilika. Kila ishara inamwambia kwamba ugonjwa umekwisha, na ishara hizo zinamjia wakati nyumba imejaa wageni na kila mtu anacheka.

Ukweli ni kwamba dawa za miezi 2 huua bakteria wengi wanaozaliana kwa kasi, lakini hubakia wachache waliolala, wasioonekana katika kipimo na wasiomfanya mtu akohoe. Miezi 4 iliyosalia ni kwa ajili ya hao. Anayeacha dawa Desemba kwa sababu anajisikia vizuri anaweza kurudi kliniki miezi michache baadaye akiwa mgonjwa tena, na safari hiyo huenda bakteria wakawa wamejifunza kuzishinda dawa. Kifua kikuu sugu kinahitaji dawa nyingine, zenye madhara zaidi, na uangalizi wa karibu zaidi.

Rafiki katika historia ya tiba

Mgonjwa wa kifua kikuu hakuachiwa daima marafiki zake. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro ilianza kupokea wagonjwa hao mwaka 1926, zama ambazo dawa hazikuwapo. Tiba ilikuwa hewa safi, chakula na mapumziko, mbali na nyumbani. Hata dawa zilipopatikana, utengano uliendelea. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na Dakta Karel Styblo, mtaalamu mzaliwa wa Chekoslovakia, alishirikiana na Watanzania kujenga utaratibu ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni kote: mgonjwa anameza dawa mbele ya macho ya mtu, na kila dozi inaandikwa. Wagonjwa wengi walilazwa hospitalini kwa miezi 2 ya mwanzo ili usimamizi huo uwezekane.

Mwaka 2006 Tanzania ilianza utaratibu unaomweka mgonjwa katikati. Mgonjwa huchagua mwenyewe kama atamezea dawa kituoni au nyumbani, na akichagua nyumbani, humteua mtu wa kumsimamia. Anaweza kuwa mume, mke, mtoto mkubwa, jirani au rafiki. Mtu huyo huelekezwa na mtoa huduma, humwona mgonjwa akimeza vidonge kila siku, na huweka alama katika kadi. Kwa hiyo, mwenzake muuza vitunguu anayefika alfajiri na kusema, "Dada, umeshameza?", ni sehemu ya matibabu kwa maana kamili. Hana mshahara wala koti jeupe. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kadi ya kifua kikuu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo jambo hilo linaandikwa kwa kalamu, siku baada ya siku.

Orodha ya mgonjwa

Mgonjwa anapoulizwa aletewe nini, ajibu waziwazi. Kutaja mahitaji kwa mtu aliyeuliza si uombaji. Chakula cha kujenga mwili kinastahili kuwa juu ya orodha, kwa kuwa ugonjwa huu hukausha misuli: mayai, maharage, dagaa, karanga, maziwa, kuku wa sikukuu mwenyewe. Idadi ya vidonge hupangwa kulingana na uzito, kwa hiyo mgonjwa aliyenenepa apimwe tena uzito anaporudi kliniki. Nauli ya kupanda mjini au kwenda kituoni ni zawadi kubwa kuliko inavyoonekana, maana safari moja iliyokosekana kwa ukosefu wa nauli inaweza kuwa dozi za wiki kadhaa. Desemba ni mwezi wa mvua Iringa, basi koti la mvua au mwavuli navyo vina kazi. Mwenye kisukari pamoja na kifua kikuu, na wapo wengi kwa kuwa kisukari hudhoofisha kinga dhidi ya ugonjwa huu, aseme mapema kwamba soda na sukari asiletewe.

Zawadi moja haigharimu chochote, nayo ni kukaribishwa mezani. Kifua kikuu cha mapafu huambukiza kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapoongea. Hakiambukizi kwa sahani, kikombe, kijiko wala kwa kupeana mikono. Mgonjwa wa kifua kikuu kisicho sugu anayemeza dawa ipasavyo hupungua sana uwezo wa kuambukiza baada ya wiki chache za mwanzo. Yule anayetengewa bakuli lake kwenye kona siku ya Krismasi, mwezi wa tatu wa dawa, anaadhibiwa bila sababu. Madirisha yafunguliwe, watu wale pamoja.

Ulanzi unahitaji maneno zaidi. Majira ya mvua ndiyo majira ya kugema mianzi katika Nyanda za Juu Kusini, na dumu la ulanzi ni zawadi ya heshima kwa mgeni na kwa mwenyeji. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote huchujwa na ini na zote zinaweza kulidhuru. Pombe hulidhuru ini hilohilo. Vikikutana, mgonjwa anaweza kupata kichefuchefu kisichokoma, maumivu ya tumbo upande wa kulia na macho ya manjano, na wakati mwingine dawa hulazimika kusimamishwa. Wapo wanaojitetea kwamba wanakunywa ule mtamu tu. Utetezi huo hauna nguvu, kwani utomvu wa mwanzi huanza kuchacha mara tu unapogemwa, na ulanzi uliokuwa mtamu asubuhi huwa mkali kufikia jioni. Isitoshe, mlevi husahau dozi. Rafiki mwenye busara huliondoa dumu kwa kisingizio chochote kinachomfaa, bila kumwaibisha mwenzake mbele ya wageni.

Namna ya kumshukuru msimamizi

Sikukuu ikifika, mgonjwa naye hutaka kumshukuru aliyemsimamia. Tarehe 26 Desemba wengi huijua kama siku ya kupeana zawadi, na kitenge au kilo kadhaa za mchele ni shukrani inayoeleweka. Ugumu uko katika maneno yanayoambatana na zawadi hiyo. Mgonjwa akisimama mbele ya ukoo na kusema, "Huyu ndiye aliyenisimamia dawa," ameitangaza siri yake mwenyewe, jambo ambalo ni haki yake. Lakini msimamizi akitangulia kusema, au ndugu akisema kwa niaba yao, siri imetoka bila idhini ya mwenyewe.

Iringa suala hili ni zito zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023, asilimia 11.1 ya watu wazima mkoani humo walikuwa wanaishi na VVU, ilhali kitaifa ilikuwa asilimia 4.4. VVU na kifua kikuu huandamana mara nyingi, na mtaani kutaja kimoja huchukuliwa kuwa umetaja kingine, hata pale isipokuwa kweli. Anayetumia dawa za kufubaza VVU pamoja na rifampisini anaweza kuongezewa dozi ya dolutegravia, kwa sababu rifampisini huipunguza nguvu mwilini. Rafiki anayesimamia dawa huona vidonge hivyo. Pengine anajua mambo ambayo mume au mama mzazi hajayajua. Shukrani inayomfaa mtu wa aina hii hutolewa wakiwa wawili, kabla wageni hawajafika au baada ya wao kuondoka, kwa kutaja alichofanya: asubuhi alizokuja mvua ikinyesha, siku aliyoazima simu kupiga kliniki, siku mkojo ulipokuwa mwekundu naye akakumbuka kwamba ni rangi ya rifampisini na si damu.

Kuna zawadi nyingine ambayo mgonjwa anaweza kumpa rafiki yake, nayo ni kwenda naye kliniki akachunguzwe. Aliyekaa karibu na mgonjwa kabla dawa hazijaanza alivuta hewa ileile. Aulizwe kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, na makohozi yapimwe pale inapohitajika. Asiye na ugonjwa anaweza kufaa kupewa tiba kinga, hasa kama anaishi nyumba moja na mgonjwa au anaishi na VVU. Watoto wa chini ya miaka 5 katika nyumba hiyo wasisahauliwe, kwa sababu kwao ugonjwa huweza kwenda haraka hadi kwenye ubongo. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, hivyo zawadi hii inahitaji muda tu. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa hadaiwi zawadi na mtoa huduma. Asante ya mdomo inamtosha muuguzi.

Kwa watoa huduma

Wiki ya pili ya Desemba, swali moja liongezwe katika kila mahudhurio: "Sikukuu utakula wapi?" Mgonjwa atakayesafiri kwenda Mufindi, Makambako au Mbeya apewe dawa za kutosha siku zote za safari na siku chache za ziada, kadi yake asiiache nyumbani, na aelezwe kwamba kituo chochote chenye kliniki ya kifua kikuu kinaweza kumsaidia akikwama. Aulizwe pia nani atamsimamia huko aendako. Rafiki wa Ipogolo hawezi kumwona akimeza dawa akiwa Makambako, ila anaweza kumpigia simu saa ileile ya kila siku, na wakati mwingine hiyo inatosha. Anayefunga Ramadhani, mwaka ambao mwezi huo unaangukia ndani ya matibabu, azungumze na daktari kuhusu kuhamishia dawa wakati wa daku au futari. Asiache dawa kimyakimya.

Msimamizi naye aulizwe hali. Ni kawaida kliniki kumuuliza mgonjwa maswali kumi na kumwacha aliyemsindikiza akikaa kwenye benchi. Aulizwe kama amechoka, kama analipia nauli kutoka mfukoni mwake, kama kuna dalili inayomtia hofu. Akumbushwe mambo ya kuripoti mara moja: macho ya manjano, kutapika kusikoisha, kuona ukungu au kushindwa kutofautisha rangi, ganzi au kuwaka moto miguuni. Yeye ndiye atakayeyaona kwanza, kwani kliniki hukutana na mgonjwa kwa dakika chache tu.

Kwa mama aliyeanza dawa mwanzoni mwa Oktoba, makohozi yatapimwa tena mwisho wa mwezi wa tano, na mara ya mwisho anapomaliza, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Siku hiyo muuguzi hufunga kadi na kuandika matokeo. Ni vema tarehe hiyo ipangwe mapema, ili mwenzake aweze kumwachia mtu meza yake ya vitunguu kwa saa chache na kupanda naye daladala kwenda kliniki.