Gari la Chini Kuliko Yote Halijafika Dongobesh

Kati ya magari yanayoruhusiwa kutembea barabarani, lililo chini kuliko yote duniani lina kimo cha sentimita 45.2. Hicho si kimo cha tumbo lake kutoka ardhini, ni gari zima. Linaitwa Mirai. Lilitengenezwa katika shule ya sekondari ya Okayama Sanyo, mjini Asakuchi, Japani, likaoneshwa Novemba 2010, na likaipokonya rekodi Flatmobile ya Mwingereza Perry Watkins iliyokuwa na sentimita 48 na ushei. Mbuzi anayepelekwa mnadani Dongobesh, wilayani Mbulu, angeliruka bila kujikaza.

Kijana wa Katesh, wilayani Hanang, aliyeagiza Mark X au IST hafikirii kufika huko. Ameona tu picha ya gari lililolalia matairi, bodi imemeza nusu ya raba, na anajiuliza kama springi fupi zitalifaa gari lake la kila siku, lile la kwenda kazini, la kumpeleka mama hospitali na kurudi na gunia. Swali ni halali. Majibu yake yamejaa Mbulu na Hanang, ila wanaoyashikilia hawajawahi kuitwa mabingwa wa chochote.

Mkeka mrefu kuliko yote

Lami ya Singida hadi Minjingu kupitia Katesh na Babati ina kilometa 223.5: Singida hadi Katesh 65.1, Katesh hadi Dareda 73.8, na Dareda kupitia Babati hadi Minjingu 84.6. Kwa mwenye gari wa Hanang, huu ndio uwanja ambao springi za kushusha zinaweza kujitetea. Gari likishuka sentimita mbili au tatu, uzito unasogea karibu na ardhi, bodi hailali sana kwenye kona, na usukani unajibu upesi. Hayo ni ya kweli na sitayabeza.

Tatizo ni kwamba hakuna anayelala juu ya lami. Mlima Hanang, mita 3,420, wa nne kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin, unateremsha maji yake masika yote, na maji hayo hayaombi ruhusa kwa mwenye njia. Yanachora korongo dogo huku, yanafukua mtaro kule. Kwa hiyo kilometa 223 za mkeka hazina kauli. Zenye kauli ni zile mita mia tatu za mwisho, kati ya barabara kuu na geti la nyumbani, na kabla ya hapo rasta na matuta ya kila kijiji.

Mpando unaoumbua kuliko yote

Ukiiacha lami hiyo pale Mbuyu wa Mjerumani kuelekea Mbulu, unavuka daraja la Magara kisha unaanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Nyuma yako ni tambarare ya Ziwa Manyara, mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbele na juu ni nyanda za Wairaqw, kwenye baridi, ngano na vitunguu saumu. Katikati ni kona za kujikunja, vipande vya zege na mawe.

Hapa hakuna anayeendesha kasi, na bado magari huumia. Kwenye kona kali ya mlimani, gurudumu moja hubanwa hadi mwisho huku la pili likining'inia hewani. Springi ya kiwandani imepimwa iendelee kukaa kwenye kikalio chake hata gurudumu linaponing'inia. Iliyo fupi mno hulegea, hucheza, na gurudumu linapotua hurudi kwa kishindo ikiwa imekaa upande. Mlio huo, "ko!", dereva wa Magara anaujua na hapendi kuusikia.

Gari lililoshushwa kuliko yote Mbulu

Hili halijawahi kufungwa springi za kushusha. Ni Noah ya siku ya mnada.

Namaanisha ile Noah ya zamani, ya 1996 hadi 2001, injini chini ya viti vya mbele, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ilibuniwa ipeleke familia ya Kijapani matembezini. Huku imepewa kazi nyingine. Asubuhi ikiwa tupu, ngumi ya mtu mzima inapita kati ya tairi la nyuma na upinde wa bodi. Abiria wakishapangwa, kisha wakapangwa tena juu ya walivyopangwa, na vitunguu saumu vikajazwa nyuma, vidole viwili vinaingia kwa taabu. Pua inatazama juu, na usiku taa zake zinamulika matawi ya miti badala ya barabara.

Mkute fundi siku anapozitoa springi za gari kama hilo. Pale miduara ya springi inapogusana kuna alama iliyosuguliwa hadi chuma kinang'aa, rangi haipo. Raba ya kugotea, ile inayotakiwa kupokea kishindo cha mwisho, imebaki makombo. Bushi zimepasuka. Ndiyo maana huku mtu akifika gereji na kusema anataka springi nyingine, fundi hamuulizi zishuke kiasi gani. Anamuuliza zinyanyuke kiasi gani, kisha analeta spesa, au springi ngumu zilizotoka kwenye gari kubwa zaidi, dawa ambayo nayo ina madhara yake: gari likiwa tupu linarukaruka kama halina springi.

Kanuni kongwe kuliko zote, na hesabu yake

Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678: springi hujikunja kwa kadiri ya mzigo. Ukiongeza mzigo maradufu, nayo inajikunja maradufu. Tangu hapo hakuna fundi wala kiwanda kilichoikwepa.

Tuseme gari dogo lina sentimita 15 chini ya tumbo na halina mzigo, na gurudumu lake lina nafasi ya kupanda sentimita 8 kabla halijagota. Funga springi za kushusha sentimita 3. Chini ya tumbo zimebaki 12, hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana ni kwamba nafasi ya gurudumu nayo imebaki 5. Shimo ni lile lile na kishindo ni kile kile, lakini sasa kinatakiwa kumezwa ndani ya sentimita 5 badala ya 8, kwa hiyo nguvu ya wastani inapanda mara 1.6. Ndiyo sababu springi za kushusha zilizotengenezwa vizuri huwa ngumu kuliko za awali. Si kwa ajili ya mbwembwe. Bila ugumu huo gari lingegota kila dakika. Na kwa kuzitendea haki niseme: kwa kuwa ni ngumu, mzigo hauzilazi sana. Mwenye kubeba watu wawili kila siku kwenye lami anaweza kuzifurahia kweli.

Ugumu wenyewe una siri mbili. Ya kwanza ni unene wa waya. Ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, hivyo waya wa milimita 13 badala ya 12, tofauti ambayo jicho haliioni, unaongeza ugumu kwa karibu asilimia 38. Ya pili ni idadi ya miduara inayofanya kazi: ikipungua, springi inakuwa ngumu. Siri hii ya pili ndiyo imezaa rekodi inayofuata.

Kosa la bei rahisi kuliko yote

Grainda, dakika tano, springi moja. Mduara mmoja unakatwa kati ya sita, ugumu unapanda kwa asilimia 20, gari linashuka, na mwenye gari ametumia pesa ya soda. Tatizo ni lile pindo la mwisho lililokuwa limelazwa ili likae sawasawa kwenye kikalio. Limebaki kwenye takataka za gereji, na springi sasa inasimama kwa ncha. Kuna wanaofanya vibaya zaidi: wanaichoma kwa gesi mpaka inywee. Chuma cha springi kilipata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Mwali wa kuchomelea unaifuta nguvu hiyo kwa dakika chache. Springi ya namna hiyo inaendelea kulala yenyewe, kila wiki kidogo, upande mmoja kuliko mwingine.

Washindi wa kweli

Wakati Safari Rally ilipokuwa ikipita nchi zote tatu za Afrika Mashariki, Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania. Mwaka 1963, na tena 1968, yaliingia magari zaidi ya 80 na yakamaliza 7 tu, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Gari hilo lilikuwa saluni ya kawaida ya familia, springi za koili pande zote nne, laini, zenye mwendo mrefu wa kupanda na kushuka. Kwenye tope na mawe, ulaini huo uliyashinda magari yenye nguvu zaidi.

Kwa kudumu, hakuna wa kulinganishwa na mkonga, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyoanza kutengenezwa 1984. Hadi 1999 zile za kazi nzito zilikuwa na springi za bapa mbele na nyuma. Mwaka huo mbele zikaja koili, na nyuma bapa zikabaki. Land Rover ilifanya mageuzi yake mapema zaidi: 109 ya bapa iliipisha 110 ya koili mwaka 1983. Wapo madereva wazee ambao hadi leo wanailaumu 110 kwa hilo. Hoja yao si ya ushamba. Bapa likivunjika moja, unalifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi, unaendesha polepole, na mgonjwa anafika Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri inayopokea watu wa nyanda hizi tangu 1955. Koili ikivunjika, ushauri pekee ni kutembea kwa miguu.

Na ukitaka rekodi yenye hati: Juni 2018, Land Rover 632 zilipita kwa msafara mmoja huko Bad Kissingen, Ujerumani. Oktoba 2024 Arusha ikaziita za kwake kutoka kila kona kwa nia ya kuivunja. Sikuona hata moja iliyoshushwa.

Kwa mzigo ukilinganishwa na uzito wa mbebaji, tuzo ni ya Boxer ya bodaboda, ambayo shokapu zake za nyuma zina springi ndani ya springi: laini ikishiba, ngumu inapokea. Isiyo na springi kabisa ni trekta la kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, yale yaliyoanzishwa na shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Nyuma ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye mwili, na kilichobaki kumhurumia dereva ni upepo wa tairi na springi ya kiti.

Wapo waliojaribu kula huku na huku. Citroën DS ya 1955 ilikuwa na mafuta na gesi badala ya springi, na dereva aliweza kuinyanyua kwa kusukuma wenzo. Kule California, sheria ya 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akafunga mitambo ya haidroliki kwenye Corvette yake, likawa linalala akitaka na kunyanyuka polisi wakitokea. Katazo lenyewe limeondolewa tangu Januari 2024. Kwa barabara ya Haydom mitambo hiyo ingefaa sana, kama vumbi lisingeimaliza kwanza.

Sasa kijana wa Katesh

Apakie kwanza gari lake kama anavyolipakia siku yake nzito kuliko zote, kisha aliendeshe hadi geti la nyumbani na asikilize. Likigusa chini na springi zake za sasa, mazungumzo yamekwisha. Lisipogusa, na kazi yake ni ya lami, asizidi sentimita mbili na nusu. Atafute springi ambazo miduara yake imebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, zinazoanza laini na kukaza kadiri mzigo unavyoongezeka. Eibach wa Ujerumani wako kwenye biashara tangu 1951 na Tein wa Japani tangu 1985, lakini jina lililochapwa kwenye rangi ni rahisi kuigwa kuliko chuma chenyewe. Shokapu zibadilishwe pamoja nazo, maana shokapu iliyozoea springi ndefu laini haiwezi kuituliza fupi ngumu. Raba za kugotea ziwe mpya. Baada ya siku chache, springi zikishakaa, alainimenti, la sivyo matairi yatalika upande wa ndani kabla ya masika mengine. Na taa zirekebishwe.

Kwa wa Mbulu, Dongobesh na Haydom ninapendekeza kitu kisicho na picha nzuri: springi mpya za kimo cha kiwandani. Magari mengi yanayotembea huko yamekwisha kushuka yenyewe kwa miaka ya mizigo, na wenyewe wamesahau yalikuwa na kimo gani. Angalia namba ya springi, kwa kuwa za 4WD si za gari la kawaida, na za mbele si za nyuma. Nunua kwa jozi. Kama ni za mtumba, zisimamishe wima sakafuni palepale dukani, bega kwa bega. Zikipishana kimo hata kwa unene wa kidole, ziache.