Usiogope RAM Iliyojaa

Kompyuta nyingi hupelekwa kwa fundi kwa lalamiko hili: RAM ni GB 8, kilichofunguliwa ni kivinjari na barua moja tu, lakini kumbukumbu iliyo tupu kabisa haifiki hata GB 1. Mwenyewe anahisi kuna kirusi, au aliuziwa mali mbovu. Mara nyingi mashine ni nzima. Namba anayoitazama ndiyo isiyofaa.

RAM haichakai kwa kujazwa. Kwa hiyo mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au macOS, huichukua nafasi isiyoombwa na programu yoyote na kuweka humo nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni. Sababu ni kasi. Diski ya kuzunguka huchukua takribani milisekunde 10 kuifikia data. RAM huchukua takribani nanosekunde 100, tofauti ya mara 100,000. SSD imepunguza pengo, lakini bado iko nyuma sana. Ndiyo maana programu ukiifunga na kuifungua tena, mara ya pili huwahi: sehemu kubwa yake haikuondoka kwenye RAM.

Nakala hizo hazimnyimi mtu nafasi. Programu ikihitaji kumbukumbu, mfumo huzitupa papo hapo, kwa kuwa asili yake ipo kwenye diski. Zilizobadilishwa bila kuandikwa bado ndizo husubiri kuandikwa kwanza, na hapo ndipo ilipo sababu ya kuitoa flashi kwa utaratibu: faili unaloliona limekwisha kunakiliwa huenda sehemu yake bado iko kwenye RAM.

Basi tazama kiasi kinachoweza kupatikana, si kilicho tupu. Kwenye Linux, amri ya free huonyesha safu ya available. Makadirio hayo yaliingizwa katika kiini cha Linux toleo la 3.14, mwaka 2014, kwa sababu watu walikuwa wakikisia vibaya. Kwenye Windows, neno hilohilo lipo katika ukurasa wa kumbukumbu wa Task Manager.

Programu zinazojinadi kuwa zinasafisha RAM sizipendekezi hata kidogo. Nyingi huzilazimisha programu nyingine ziachie kumbukumbu zinayoitumia. Namba ya nafasi tupu hupanda, mwenye mashine hufurahi, kisha akirudi kwenye kivinjari chake hukikuta kizito, kwani kinakusanya upya kilichonyang'anywa.

Upungufu wa kweli una dalili zake. Kiasi kinachopatikana hukaribia sifuri, na diski haitulii hata kama hukufungua faili lolote, kwa sababu mfumo unahamisha kurasa za kumbukumbu kwenda kwenye diski na kuzirudisha mfululizo. Kwenye Mac, grafu ya shinikizo la kumbukumbu hutoka kijani hadi njano, kisha nyekundu. Ukiyaona hayo kila siku kwa kazi zako za kawaida, punguza vichupo vya kivinjari. Yakiendelea, ongeza RAM, ila hakikisha kwanza mashine yako ina nafasi ya kuiongezea, maana kwenye kompyuta mpakato nyingi za sasa RAM imelehemewa.